Na Wale Njiwa, Wako Wapi?

Ndugu zangu, wazazi wangu, na nyinyi vijana mnaopenda kukaa safu ya mwisho karibu na viatu: leo naanza kwa kujishitaki mwenyewe.

Kulikuwa na kijana hapa Makupa, Mombasa, wa miaka 16, aliyesoma chuoni kwetu tangu hajui alifu. Simtaji, na mambo mawili matatu nimeyageuza asije akatambulikana. Yaliyobaki, yeye na mama yake wameniruhusu niyaseme. Kijana huyu alikuwa na njiwa. Wenye watoto wa kiume mtaa huu mnayajua maradhi ya njiwa: tundu la mbao juu ya nyumba, manyoya kwenye kanzu, mtama unaonunuliwa kwa pesa za nauli. Sijui ni mara ngapi nilimrudisha akanawe mikono kabla hajashika msahafu. Basi siku moja, Shaabani inaelekea mwisho, nikasikia amewagawa wote. Njiwa kumi na wawili. Hakuuza hata mmoja. Nami, mwalimu wake, nikamsimamisha mbele ya wenziwe nikamsifu. Nikasema, mashaallah, mtazameni mwenzenu, amekua, ameacha mchezo, ameigeukia akhera.

Ameigeukia akhera. Maneno yangu hayo, niliyatamka mbele ya watoto thalathini.

Wiki mbili baadaye mama yake alikuja kunigongea mlango usiku, buibui amelivaa kinyume, kiatu mguu mmoja. Kijana yuko hai, alhamdulillahi. Allah alimuokoa kwa sababu ya dadake mdogo aliyeamka kunywa maji. Zaidi ya hapo sisemi, wala hakuna faida ya kusema.

Kinachonichoma ni kwamba mwaka uleule nilikuwa nimewasomesha watoto hao hadithi ya Abu Umayr. Asili yake imo katika Bukhari na Muslim. Abu Umayr alikuwa nduguye mdogo Anas bin Malik, mtoto mdogo tu, na alikuwa na kindege akicheza nacho. Kindege kikafa. Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, alikuwa na mazoea ya kuingia nyumba ile. Siku hiyo akamkuta mtoto ameinamisha uso. Akauliza ana nini, akaelezwa. Basi akamgeukia mtoto mwenyewe, akamwita kwa jina la heshima kama anavyoitwa mtu mzima, akamuuliza kile kindege kimefanya nini, na akayapanga maneno yawe na vina ili mtoto yamfurahishe.

Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, aliikalia hadithi hii fupi akatoa ndani yake faida 60. Mimi nilisomesha nne au tano, zote za fiqhi: kwamba yafaa kumpa mtoto jina la heshima, kwamba yafaa kufuga ndege ikiwa hateswi. Ile ya kumuuliza mtoto habari ya ndege wake niliipita. Mtume wa Allah, mwenye wahyi na majeshi na wageni wa makabila wanaomsubiri, alipata wakati wa kuuliza kifo cha kindege. Mimi niliambiwa njiwa kumi na wawili wametoka kwa siku moja, nisiulize kwa nini.

Ndugu zangu, tuyaite mambo kwa majina yake. Katika dua ambayo Mtume alikuwa akikithirisha kuiomba, alijikinga kwa Allah na mambo mawili yanayotajwa pamoja: hamm na hazan. Wanachuoni wameeleza kwamba hamm ni wasiwasi wa lijalo, na hazan ni huzuni ya lililopita. Vijana wetu hayo yote huyatia katika neno moja, stresi. Lakini kuna msongo wa mawazo, na kuna maradhi. Msongo una mlango wa kuingilia na wa kutokea: mtihani ukipita, deni likilipwa, wazazi wakipatana, nao hupungua. Maradhi, ambayo ndugu zetu wa Tanzania wana neno zuri la kuyaita, sonona, hayasubiri sababu na hayaondoki na sababu. Mtu hukaa wiki mbili, tatu, miezi, hapendi tena alichokuwa akikipenda. Usingizi umekimbia au umezidi. Chakula hakina ladha. Anajiona mzigo kwa watu wake. Na kwa vijana, lishikeni hili wazazi, mara nyingi haiji na machozi, inakuja na hasira. Mtoto anabamiza mlango, anajibu kwa mkato, nasi tunasema ameharibika tabia.

Msidhani haya ni mambo yaliyoletwa na wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, Muislamu wa Khurasani aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Akawalaumu matabibu wanaotazama mwili wakaiacha nafsi. Na akaigawa huzuni: kuna ile ambayo mwenyewe aijua imetoka wapi, kama kufiwa au kupoteza mali, na kuna ile inayomvaa mtu asijue chanzo chake, ambayo al-Balkhi alisema asili yake ni mwilini, katika damu, na hivyo hutibiwa kwa tiba ya mwili pamoja na maneno mazuri. Zaidi ya miaka elfu moja hiyo. Na mwaka 1154 Nuruddin Zengi alipojenga hospitali yake Damascus, wagonjwa wa akili nao walikuwa na mahali pao.

Sisi je? Mtoto akisema moyo umemwelemea tunamjibu: huswali vizuri. Soma Qur'ani. Imani yako dhaifu.

Hebu niulize wanaosema hivyo. Yaqub alayhis salaam, nabii mtoto wa nabii mjukuu wa nabii, imani yake ilikuwa dhaifu? Suratu Yusuf inatueleza kwamba alilia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Watoto wake wakamlaumu kwa kumtaja Yusuf kila siku, naye akawajibu kwamba mashitaka yake anayapeleka kwa Allah. Alishitaki! Hakuambiwa nyamaza. Na Maryam, mwanamke ambaye sura nzima imepewa jina lake, yalipomfika maumivu ya uzazi chini ya mtende, peke yake, akifikiria watu watasema nini, alitamani angekuwa amekufa kabla ya hayo, awe kitu kilichosahauliwa kabisa. Ni aya ya 23. Sasa tazameni jibu lililomjia katika aya zinazofuata. Hakukemewa. Hakuambiwa muogope Mola wako. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, akaambiwa atikise shina limwangukie tende mbivu, ale, anywe, jicho lake litulie. Na kuhusu maneno ya watu, akapewa njia ya kutosema nao siku ile. Maji, chakula, utulivu, na kukingwa na midomo ya watu. Mama zangu mnaonisikiliza upande wa pili, hizo ni huduma za kwanza, na zote ziko jikoni kwenu. Bibi Aisha, Allah amridhie, alikuwa nyumba ikifiwa akiagiza ipikwe talbina, uji mwepesi wa shayiri, akisimulia kutoka kwa Mtume kwamba huutuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Uji! Na sisi mtoto asipokula tunamwambia ana kiburi, chakula kifunikwe, akitaka atakuja.

Barazani, kwenye kahawa, nikiyasema haya huulizwa: maalim, mtoto wa siku hizi ana dhiki gani? Analishwa, ana simu, sisi tulikwenda shule kwa miguu. Jawabu ni kwamba dhiki haipimwi kwa mguu. Mtoto wa Makupa leo analala chumba kimoja na watu watano, nje matrela ya bandarini hayalali, babake yuko Ghuba kwa kandarasi na anamjua kwa sauti ya simu tu. Muguka, yale majani jamii ya miraa, anauziwa mlangoni pa shule; hiyo iliyoipeleka kaunti yetu mahakamani mwaka 2024 ndiyo wengine wanaitafuna ili mawazo yatoke, kumbe yanarudi na wenzake. Na simu hiyohiyo mnayosema anayo, ndani yake anatukanwa na watu mia usiku wa manane, nyinyi mmelala chumba cha pili.

Halafu kuna matokeo ya mtihani. Tarehe 9 Januari 2025 yalitangazwa matokeo ya KCSE ya mwaka uliotangulia. Watahiniwa walizidi 960,000, na waliopata C+ kwenda juu, alama ya kuingilia chuo kikuu, ni kama robo yao. Piga hesabu mwenyewe: watoto watatu katika kila wanne walirudi nyumbani siku ile na alama ambayo baba hataitangaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nimewahi kumsikia mzazi, msikitini, akimwambia mwanawe mbele ya watu kuwa karo yote ile afadhali angenunua mbuzi. Watu wakacheka. Mtoto naye alicheka. Mimi niliyatazama macho yake, hayakuwa yakicheka.

Siku hiyohiyo ya tarehe 9 Januari, Nairobi, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitoa hukumu nyingine, ambayo haikupigiwa kelele kama ile ya alama. Kifungu cha 226 cha sheria yetu ya jinai, tulichorithi kwa mkoloni, kilikuwa kinamfanya anayejaribu kujiua kuwa mhalifu, kifungo hadi miaka miwili. Jaji akasema kinapingana na Katiba. Maana yake ni kwamba kabla ya hapo mama akimuwahi mwanawe, alikuwa na hofu mbili: ya kumpoteza, na ya kumpeleka hospitali akatoka na pingu. Wangapi walifichwa majumbani kwa ajili hiyo, Allah ndiye ajuaye.

Nilipolieleza hili baada ya darsa, bwana mmoja akainuka: kwa hivyo sasa serikali imehalalisha? La, mzee wangu. Haramu ni haramu. Suratun Nisaa aya ya 29 imekataza watu kujiua, na inayofuata ikaonya kwa Moto atakayefanya hayo kwa uadui na dhuluma. Hadithi kali za mlango huu mnazijua, na sitapunguza hata herufi. Lakini angalieni aya ya 29 yenyewe imemalizia wapi: imemalizia kwa kutukumbusha kuwa Allah ni Mwenye kuturehemu. Makatazo yamekuja mkononi mwa rehema. Na Mtume alifundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa aliyeondokewa na akili mpaka irudi. Nani kati yetu anayejua kijana yule, saa ile, akili yake ilikuwa wapi? Iliyoondoka ni jela ya mgonjwa. Hukumu ya Allah haikuguswa na jaji.

Na kwa kuwa tumefika hapo, niliseme na lile ambalo wengi mnalinong'ona. Yakimfika mtu mitaani kwetu, jeneza hutolewa kwa haraka kama la mwizi, watu wanaulizana kama yafaa kumswalia. Yafaa. Ni kweli imepokewa katika Muslim kwamba Mtume mwenyewe hakumswalia mtu mmoja wa namna hiyo, na wanachuoni wakasema ilikuwa ni kuonya wengine. Lakini Imamu Nawawi amenakili kauli ya wanachuoni wengi, akiwemo Imamu Shafi, kuwa huswaliwa. Muislamu huyu huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa, huzikwa na Waislamu. Na ipo hadithi nyingine, pia katika Muslim, ambayo natamani kila imamu wa Pwani aihifadhi. Tufayl bin Amr wa kabila la Daus alihama kwenda Madina na mtu wa kwao. Yule mwenzake akaugua, asivumilie, akajidhuru mikono yake mwenyewe, akafa. Tufayl akamwona ndotoni yuko katika hali nzuri, lakini mikono ameifunika. Akamuuliza. Akasema Mola wake amemsamehe kwa kuhamia kwake kwa Mtume, ila ameambiwa kwamba alichokiharibu mwenyewe hakitatengenezwa. Tufayl akamsimulia Mtume ndoto hiyo. Naye Mtume akamwomba Allah aisamehe na mikono yake. Hilo ndilo alilolifanya. Basi sisi tunaokwenda mazishini kutikisa vichwa na kumtazama mama kwa pembe ya jicho, tumejifunza kwa nani?

Sasa, la kufanya. Kwanza kuuliza, na kuuliza wazi. Mtoto akibadilika, akijitenga, akigawa vitu anavyovipenda, akisema maneno kama mtapumzika nami au karibuni sitawasumbua, usiyapitishe kama utani. Kaa naye pahali pasipo watu, umuulize: mwanangu, imekufikia mpaka ukatamani kufa? Umefikiria kujiua? Wazazi huogopa, wanadhani neno litampa fikra asiyokuwa nayo. Wataalamu wamelichunguza hilo, wakaona kuuliza hakumtii mtu wazo. Kunampa pumzi, kwamba kumbe lasemeka. Akijibu ndiyo, usipige kelele, usimwapishe, usimtajie Moto usiku huo. Ana moto wake tayari. Msikilize mpaka amalize, kisha usimwache peke yake. Dawa kali na sumu za nyumbani zitolewe, zifichwe kwa jirani ikibidi. Na asubuhi, si wiki ijayo, aende hospitali.

Kombe sikatazi. Mimi mwenyewe naandika kombe, kwa zafarani na maji ya mawaridi, na Qur'ani ni shifaa, sina shaka. Lakini Mtume aliyetufundisha kusoma ndiye aliyetuamrisha tujitibu, akasema kila ugonjwa Allah ameuteremshia dawa ila uzee. Kijana wangu yule alikwishanyweshwa makombe matatu, la mwisho langu mimi. Jini hakutoka, kwa sababu hakuwemo. Mwenye kisukari tunamwandikia kombe na sindano zake anachoma. Kwa nini mwenye sonona tumwambie achague?

Tulikwenda naye wawili, kwa matatu, mpaka Port Reitz, ambako kuna kitengo cha maradhi ya akili. Mama yake alikuwa akiogopa jina la hospitali ya namna hiyo. Watoto mitaani wakigombana si huambiana wapelekane Mathari? Matatu ikapita juu ya daraja la Makupa, hili jipya la 2022. Wazee mnakumbuka pale palikuwa na tuta tu, limezuia maji kwa miaka na miaka, upande wa Tudor na upande wa Port Reitz havionani. Sasa maji yanapita chini. Mfano wa mawaidha ulinijia mdomoni wenyewe. Niliumeza. Nilikuwa nimeshasema mengi mno kwa kijana yule. Tukakaa kimya mpaka Changamwe, ndipo akaniuliza tukirudi kama tutaiwahi Asri. Nikamwambia tukichelewa tutaswali palepale.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, si Muislamu, na alimuuliza mambo ambayo mimi katika miaka kumi sikumuuliza. Analala saa ngapi. Nani anampiga. Anapenda nini. Dawa alizopewa zilichukua wiki kadhaa kabla hajaona tofauti, na katikati alitaka kuziacha. Mlijue hilo, msije mkamwachisha mtoto kwa kuwa siku ya tatu hajacheka. Kwa asiyeweza kufika, au jambo likimkuta usiku, Msalaba Mwekundu wa Kenya wana nambari 1199, na Childline Kenya ni 116, zote bila malipo. Ziandikeni pale kwenye ubao wa saa za swala, nimeshamwomba imamu.

Nanyi vijana wa safu ya mwisho. Kutamani kufa kumewapitia watu bora kuliko mimi, na Mtume alilijua hilo, ndiyo maana aliyebanwa na dhiki akamfundisha aombe uhai maadamu uhai ni kheri kwake, na mauti yakiwa ndiyo kheri. Uchaguzi umwachie Allah. Usijihukumu kwa fikra iliyokujia. Mwambie mtu mmoja. Ukimwambia wa kwanza akakujibu vibaya, kama mimi ningemjibu mwenzenu, basi mwambie wa pili. Mimi niko hapa baada ya Asri kila siku ila Jumapili, na siku hizi nasikiliza zaidi kuliko ninavyosema, ingawa leo hamtaamini.

Ama yule kijana, njiwa wanne walirudi. Hakwenda kuwadai, njiwa akishalizoea tundu, umpeleke Tudor umpeleke Likoni, akifunguliwa hurudi. Wiki iliyopita nilimkuta mlangoni pa msikiti anakung'uta unyoya kwenye kanzu. Nikamuuliza njiwa wana habari gani. Akasema, "Mmoja ametaga, maalim," akaanza kunieleza yule wa kijivu na yule mwenye koo jeupe nani kamchagua nani, mpaka muadhini akatukatiza.